Nywele Nilizokunyima

Minza mwanangu,

Kabla hujaisingizia kalamu, nikuambie mapema kwamba kalamu ni nzima. Nimeinunua leo dukani kwa Mama Zuhura, nikaijaribu kwenye kiganja mbele yake, ikaandika vizuri. Huu mwandiko unaocheza ni mkono wangu. Umeuona ukitetemeka tangu masika, ukauliza, nami kila ulipouliza nilikupa uongo mpya. Siku moja nilisema ni presha. Siku nyingine nikasema nimetwanga sana jana. Leo nimeamua nikuandikie kwa mkono huohuo niliokuwa nauficha chini ya kanga, uuone vizuri.

Umekwenda Ushirombo kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi jua likipoa. Nimefunga kibanda mapema. Begi lako liko pale mlangoni na kila nikipita linanigonga mguu, kana kwamba halitaki kunisubiri mpaka kesho. Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani. Nyumba imeshaanza kuwa kubwa, mwanangu, na hujaondoka bado.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuangalia begi stendi. Hayo umenisikia nikiyaimba wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, hata Morogoro kuna maduka." Nataka kukuandikia habari ya kichwa changu, hiki kipara ulichokizoea.

Jumanne ulipokuja kunisimamia nyuma nikiosha vyombo, ulisema kwa sauti ndogo kwamba unataka kuwaandikia chuoni Morogoro uahirishe hayo masomo ya pili mpaka mwakani. Ulisema, "Siwezi kukuacha hivi, Mama. Bibi amefariki tangu mwaka jana, wewe bado unanyoa. Huli, hulali, mikono inatetemeka. Huo msiba utakumaliza." Sikugeuka. Nilisema tu, "Tutaongea," nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata zamani. Ukaenda chumbani ukidhani nalia.

Sikuwa nalia. Nitakuambia nilichokuwa nafanya, lakini si sasa, maana nikianza na hicho hutanisoma mpaka mwisho. Kwanza ujue hili: mimi mama yangu nilimlilia, nikamaliza kumlilia. Tulimzika kijijini kwao Didia, tukanyoa ukoo mzima kama desturi, nikarudi Runzewe, nikamkumbuka kila siku na bado namkumbuka. Lakini kunyoa kule kwa mara ya kwanza tu ndiko kulikuwa kwa ajili yake. Mara nyingine zote nilinyoa kwa ajili ya kukukimbia wewe na mkasi wako.

Ngoja nianzie mbali.

Unajua kwamba kabla ya Runzewe nilikuwa mama lishe machimboni, lakini sijawahi kukusimulia vizuri jinsi kazi ile ilivyokwenda. Mchimbaji akishasaga mawe yake na kuosha, anachanganya na zebaki, anakamua kwenye kitambaa, anabaki na kidonge kinachong'aa kama bati. Kile kidonge lazima kichomwe ili zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Sasa mtu ametoka kuosha tangu alfajiri, ana njaa, hana moto. Nani ana moto uliokwisha kolea? Mama lishe. Basi wanakuja. Anaweka kidonge chake kwenye kijiko kikuukuu, anakitia kwenye mkaa wangu pembeni ya sufuria ya maharage, anapuliza, tunangoja. Moshi mweupe kidogo, halafu kijiko kinabaki na kitu cha njano. Wote tunafurahi. Akishafurahi anakula, na huyo hawezi tena kwenda kula kwa mwingine, kwa sababu amechomea kwako. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya biashara. Wenzangu waliokataa kwa kuogopa kuchafuliwa jiko, chakula chao kililala. Mimi nilikuwa na jiko la pili pembeni, la wachomaji tu, na nilijiona mjanja kuliko wote.

Baba yako nilimjua hivyo. Alikuja na kidonge kidogo kama punje ya mtama, akaomba moto kwa adabu kama anaomba mke. Nikamcheka. Kesho yake akarudi hana kidonge wala nini, akasema amekuja kuota moto, na jua lilikuwa linawaka. Nakuandikia hili kwa sababu unadhani kila ninapomtaja baba yako nina hasira. Hasira ninayo, aliondoka kufuata rashi, dhahabu mpya iliyozuka upande wa Kagera, akatuma salamu, halafu salamu zikakatika. Lakini ule mwanzo wetu ulikuwa mzuri, na ulikuwa kwenye jiko lile.

Na wewe ulikuwepo. Ulipozaliwa nilikufunga mgongoni nikarudi jikoni kabla hata kitovu hakijapona vizuri. Nilipoinama kupuliza mkaa, uso wako ulikuwa pale begani kwangu, unaangalia. Wachimbaji walikuita bosi. Ulipoanza kukaa nilikutandikia mkeka mahali ambapo joto linafika, maana asubuhi za kule zina baridi. Mahali ambapo joto linafika ndipo na moshi unapofika, lakini hayo mtu anayajua baadaye.

Usidhani hatukuambiwa kabisa. Wakati mmoja walipita watu na karatasi kubwa zenye picha, mtu ameziba pua, chungu kinafuka. Waligawa, wakaondoka. Karatasi ilikuwa nzito, nzuri. Nilifungia maandazi. Namaanisha hivyohivyo, Minza, nilizikata vipande nikafungia maandazi, na lile tangazo likaenda tumboni na mafuta. Nikilikumbuka huwa nacheka, halafu sicheki.

Tulipohamia Runzewe nilidhani nimeacha machimbo, kumbe machimbo yalinifuata. Mashimo yalifunguliwa huku nako, vijana wakaja na vijiko vyao, nami nikawasha jiko la pili. Uliliona mwenyewe ukiwa sekondari, ukiwa chuo, ukirudi likizo unapita pembeni yake na daftari lako. Hukuwa na habari nalo. Ilikuwa kazi ya mama tu.

Halafu mwaka jana, umemaliza chuo, umekaa nyumbani bila kazi, unanichambulia mchele kwa uso uliokunjamana, wakaja wale wataalamu wa utafiti. Walitaka mtu anayejua Kisukuma na anayejua vitabu. Ulipokuja kuniambia umepata, uliruka kama mtoto. Nilifurahi. Sikuuliza wanatafuta nini. Ulisema ni habari za samaki na ndege wa mtoni, nikajiambia, afadhali, ndege hawana maneno.

Nakumbuka ule mkutano pale kwenye uwanja wa shule kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Ulisimama mbele, umevaa ile blauzi ya kijani, mkononi mkasi mdogo. Ukaeleza kwa Kiswahili, ukarudia kwa Kisukuma. Ukasema zebaki haipotei. Ule moshi unaotoka kwenye kijiko unapanda, unazunguka, unashuka na mvua na vumbi, unaingia mtoni na bwawani, huko unageuka unaingia kwa wadudu, wadudu wanaliwa na samaki wadogo, wadogo na wakubwa, na wakubwa wanaliwa na korongo na sisi. Ukasema ndiyo maana mnaokota manyoya ya ndege, kwa sababu unyoya wa ndege na unywele wa mtu hufanya kazi moja, huhifadhi kile alichokula mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama wa jumuiya. Maisha yangu yote nilidhani moshi ukishatoka nje umekwisha.

Mzee Lugisha akanyanyuka, akavua kofia, akakuita mama kwa Kisukuma, akakuuliza, "Mayu, mimi sina ugomvi na ndege. Ila nywele zangu ukishazikata, zinalala wapi?"

Watu wakacheka, lakini ni kicheko cha watu waliokuwa na swali hilohilo. Kwetu hakuna anayeacha nywele zake hovyo. Mtu akitaka kukumaliza hahitaji kukujua, anahitaji nywele zako tu, ndivyo tulivyolelewa.

Ukapiga goti kidogo. "Shikamoo, babu. Zinalala kwenye bahasha yenye namba. Jina lako halimo. Zikishapimwa zinayeyushwa, hazibaki."

"Zinayeyushwa na nani?"

"Na mashine, babu."

"Na mashine ni ya ukoo gani?"

Uwanja ukalipuka. Wewe hukukasirika wala hukumcheka. Ulifungua kitambaa chako, ukashika nywele za kisogoni, ukakata kishungi karibu kabisa na ngozi, ukakitia kwenye bahasha mbele ya macho ya wote. Ukasema, "Zangu ndizo za kwanza. Zako zitalala na zangu, babu." Mzee Lugisha akakaa kwenye kiti akakupa kichwa. Nyuma yake ikawa foleni.

Nilijivuna. Na niliogopa. Vyote viwili kwa pamoja, na sikujua kipi ni kipi.

Zamu yangu ilipofika nilifungua kilemba, kichwa cheupe, tumetoka kumzika Bibi. Ukaninong'oneza ukicheka, "Mama umeponea. Tutakuja tena." Ukaeleza kwamba watakaochukuliwa nywele ndio watakaoitwa baadaye kupimwa mkojo, kwa sababu habari za samaki zinaonekana kwenye nywele, na habari za moshi zinaonekana zaidi kwenye mkojo. Uliyasema kama mtu anayeeleza namna ya kusonga ugali. Nikaelewa kwamba asiye na nywele haulizwi habari za moshi.

Mlipokaribia kurudi, nilinunua wembe nikanyoa tena. Ukaniona, ukanikumbatia, ukasema, "Pole, Mama." Mlipokuja mara ya tatu nilikuwa nimenyoa siku iliyotangulia. Basi nikaendelea tu, hata wataalamu walipokwisha kuondoka, kwa sababu nikiacha ungeuliza. Akina mama wa jumuiya wakaanza kunitolea mfano. "Mama Minza ndiye anayejua kuomboleza. Vijana wa siku hizi wiki tu wamesuka." Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Minza, nimekula sifa za msiba ambao nilikuwa nimeshaumaliza.

Utaniuliza, sasa uliogopa nini, Mama? Kuugua? Hapana. Mikono hii naijua, niliijua kabla yako. Niliacha kumimina chai mbele za watu, nikaacha kutunga uzi, nikajifunza kubeba sahani moja moja. Hilo si geni, wachomaji wengi wa zamani wanatetemeka, tunasalimiana kwa kutetemeka. Niliogopa mgongo wangu. Niliogopa kwamba wakinipima, karatasi itasema wazi mama huyu alivuta moshi kiasi fulani, na wewe mwenye akili zako utakaa chini ufanye hesabu ndogo: aliyekuwa mgongoni alivuta kiasi gani?

Ulichelewa kusema. Wenzako wanaita mama, wewe unaangalia tu. Ulichelewa kutembea pia. Na shuleni, unakumbuka darasa la tatu? Hesabu zilikukataa. Namba ukizishika asubuhi mchana zimetoka. Nilikuita mzito mbele ya wateja. Jioni moja nilikusimamisha mlangoni useme lile jedwali la saba, ukishindwa unarudia, mpaka wachimbaji wakaanza kuniomba nikusamehe, na mimi nikawaambia wale chakula chao waniachie mtoto wangu. Ulijikojolea pale mlangoni. Labda umesahau. Mimi nimelisahau lile jedwali, lakini uso wako sijausahau.

Halafu ukaamka, sijui lini, ukawa wewe huyu. Labda ulikuwa mtoto wa kuchelewa tu, wapo wengi, hata mjomba wako wa Didia alichelewa na sasa hanyamazi. Labda ulikuwa moshi. Sijui. Siku ile majibu ya nywele zako yalipokuja ulinionyesha ukifurahi, ukasema hayajafika kiwango cha kutisha. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Usiku nikakumbuka maneno yako mwenyewe, kwamba unywele unakumbuka miezi michache tu. Miaka ile ya mgongoni haipo kwenye unywele wa mtu yeyote. Hata ukisoma Morogoro mpaka uwe profesa, Minza, hakuna mkasi utakaoifikia. Hili ndilo gumu kuliko yote niliyojifunza, kwamba kuna jambo nimelifanya kwa mwanangu, au sijalifanya, na nitakufa bila kujua ni lipi kati ya hayo. Nilidhani nikijificha nitalikwepa. Nimelala nalo kila siku, na juu yake nikanyoa.

Jiko la pili nililizima wiki ileile ya mkutano. Hukugundua kwa sababu ulikuwa vijijini na timu. Kijana alikuja na kijiko chake nikamwambia hapa hatuchomi tena. Akacheka, "Mama Minza, mtoto kawa mtaalamu na wewe umekuwa profesa?" Nikamwambia achomee mbali na watu, atafute kile chungu cha kufunika kinachorudisha moshi, nikarudia kila ulichosema mkutanoni. Alinisikiliza vizuri, akavuka barabara akachomea kwa mwenzangu. Wakamfuata wengine. Uliponiuliza mbona sufuria kubwa siku hizi siibandiki, nilisema watu wamefulia. Hawakufulia. Wanakula ng'ambo, nawaona, wananipungia mkono, hawana ubaya. Nilidhani nikitenda jambo jema hata mmoja atabaki. Nakuambia hili kwa sababu kazi unayokwenda kusomea itakupeleka vijijini kuwaambia watu mambo ya kweli. Watakuheshimu, na watahama meza. Siku hiyo usijione wa kwanza.

Na korongo nao wamehama. Tulipofika hapa walikuwa wanakuja mpaka nyuma ya kibanda kugombania matumbo ya samaki, wamesimama na shingo zao kama wazee wa baraza. Siku hizi napita mwezi sijamwona. Sisemi ni zebaki, miti waliyokuwa wanalalia tumeikata sisi wenyewe, mwingine mkaa, mwingine nguzo za mashimoni. Utaniambia wewe ukishajua. Ila nawakumbuka. Unajua mtu amebaki peke yake anapoanza kuwakumbuka korongo.

Sasa nirudi Jumanne.

Sikugeuka kwa sababu nilikuwa natabasamu. Ndilo nililoahidi kukuambia. Uliposema utabaki, moyo wangu uliruka, nikaona mwaka mzima mbele yangu, wewe unaingia, unatoka, unalalamika chumvi. Nikawaza, basi msiba na uendelee. Nikaona naweza kununua nyembe nyingine na kukuweka hapa kwa kipara. Nilitabasamu kwenye maji ya vyombo, na wewe nyuma yangu unaamini nalia, unanionea huruma. Sijawahi kujichukia namna ile.

Alhamisi nikaenda dukani kwa Mama Zuhura. Unamjua yule, babu yake alitoka Pangani na misafara akazeekea huku, lakini mdomo ameuleta wote. Nikaomba wembe. Hakunipa. Alifuta kaunta taratibu, akasema, "Shoga, nikuulize. Sisi msiba wetu una arobaini, ikiisha mtu anarudi kwenye shughuli zake. Huu wa kwenu una mwisho?"

Nikamwambia ni mila ya Kisukuma.

"Nimezaliwa katikati ya Wasukuma mimi. Wangekuwa wananyoa hivyo ningejenga ghorofa kwa nyembe. Hizi nyembe nakuuzia mimi, Mama Minza. Unamkimbia nani?"

Nikamwambia yote, nimesimama palepale, watu wanaingia kununua sukari wanatoka. Aliposikia unataka kuahirisha, aliweka mkono mdomoni. Halafu akasema, "Na mtoto umemwacha aamini?" Alirudisha wembe kwenye boksi. Leo nilipokwenda alijua bila kuambiwa kwamba kalamu ni ya nini.

Kwa hiyo nakuomba, na sikuombi kwa ushujaa, maana sina. Nenda kesho. Usibaki kwa ajili ya msiba, msiba haupo. Usibaki kwa ajili ya mikono pia. Jumatatu naenda hospitali ya wilaya, Mama Zuhura ananisindikiza, ameshaapa kwamba nisipoingia mlangoni atanisukuma. Nitawaambia habari ya jiko bila kuficha. Wakitaka mkojo, nitawapa, huo nao hauna ukoo. Majibu yoyote yatakayokuja nitakusomea kwenye simu neno kwa neno, hata nisipoyaelewa. Ukiona nimeanza kusema "ni kawaida tu," nikatize.

Sitakuambia kwamba nitakuwa sawa. Sitakuwa sawa. Nitapika wali wa watu wawili kwa mazoea, nitakuita nikisikia geti. Jumapili zitakuwa ndefu. Lakini huo ni upweke wangu, si ugonjwa wa kukurudisha kutoka chuoni. Nilipotoka Didia mama yangu naye alibaki hivyo, na sikuwahi kumuuliza alikaaje. Mkipita njia panda ya Tinde, ile barabara ya Shinyanga ndiyo inayopita Didia alikolala. Msalimie kimoyomoyo. Mwombee mwanawe msamaha, ametumia jina lake vibaya.

Tangu Jumanne sijanyoa. Kichwa kinawasha, na nikipitisha mkono nahisi vinywele vimeanza kuchoma. Mimi mtoto wa mfugaji, najua namna ya kufunga ngitili. Masika yakianza mnafunga yale malisho, haingii ng'ombe wa mtu hata kama ni wa mjomba, mpaka kiangazi. Basi hiki kichwa nimekifunga. Hakuna atakayekigusa, si saluni, si msiba wa jirani. Wewe ukikaa hapa ukiziangalia nywele hazitakua haraka. Nenda ukasome, zenyewe zitafanya kazi yake.

Ukirudi likizo hutakuta wembe nyumbani. Nitakaa kwenye kiti, nitakupa kisogo, nitainama. Usiogope kwamba mimi ni mama yako, na usinionee huruma. Kata karibu kabisa na ngozi, kama ulivyomkata Mzee Lugisha, halafu uniambie ukweli.

Mama yako,
anayekusikia unafungua geti sasa hivi.